Kilosa na Mto Mkondoa: uchambuzi wa mji wa reli uliojengwa njiani mwa maji

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulipasua tuta linaloukinga mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Maji yaliingia mitaani, nyumba za udongo zikalala chini, na Januari 2010 maelfu ya watu wa Kilosa na Mpwapwa walikuwa wakiishi kwenye mahema. Upande wa juu wa mto, kati ya stesheni ya Kilosa na ya Gulwe, Reli ya Kati ilikatika mahali pengi. Kwingine tuta lililiwa lote, reli zikabaki zikining'inia hewani na mataruma yake (vyuma au mbao zinazolazwa chini ya reli). Kwingine njia ilifukiwa kwa mchanga, na kwingine mto ulikula ukingo hadi kwenye kokoto. Kwa miezi kadhaa treni za abiria za Kigoma na Mwanza zikawa zinaanzia Dodoma, na aliyetoka Dar es Salaam alipanda basi kwanza.

Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalikuwa mepesi: mvua kubwa. Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini haitoshi kueleza kwa nini kipande kile kile cha takriban kilomita 80 ndicho kinachokatika kizazi baada ya kizazi, huku vipande vingine vya reli hiyo hiyo vikistahimili. Jibu limo katika namna njia ilivyochaguliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika kilichotokea kwa udongo wa Dodoma na Mpwapwa tangu hapo, na katika tabia ya kurekebisha pale palipovunjika tu huku sababu ikiwa mbali juu ya mto.

Njia ilivyochaguliwa

Kabla ya reli, Kilosa ilikuwa eneo la Wasagara lililoko mahali ambapo Mkondoa unatoka milimani na kuingia tambarare ya Mkata. Misafara ya pwani iliyokwenda Ujiji ilikuwa na njia kadhaa za kupanda Usagara, na mojawapo ilifuata bonde hili. Stanley alipovuka tambarare ya Mkata wakati wa masika ya 1871, akimtafuta Livingstone, aliikuta imegeuka tope na maji, na wanyama wake wa mizigo waliteseka vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wafaransa walifungua kituo chao Kondoa, jirani na Kilosa ya leo (si Kondoa Irangi). Mikataba aliyokusanya Mjerumani Carl Peters mwishoni mwa 1884 ilihusu Usagara hii hii. Kwa hiyo Wajerumani walipoanza kujenga reli, bonde lilikwisha kujulikana, pamoja na maji yake.

Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann, kwa geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja. Morogoro ilifikiwa Desemba 1907. Njia ikaendelea hadi Kilosa mwaka 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914.

Tatizo la wahandisi lilikuwa ukuta wa milima uliosimama kati ya tambarare ya mashariki na uwanda wa kati. Kilosa iko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma imepita mita 1,100. Injini ya mvuke yenye mabehewa nyuma yake haiwezi kupanda mwinuko mkali, na kila mwinuko unaoongezwa hupunguza mzigo unaoweza kuvutwa. Kupitia Gairo kungedai miinuko mikali au michimbo na mahandaki ya gharama kubwa. Bonde la Mkondoa lilitoa mpenyo: mto ulikuwa umekwisha kuichonga milima, na njia ikiufuata inapanda zaidi ya mita 600 kwa mwendo wa kilomita zipatazo 170, yaani wastani wa mita moja kwa kila mita 275 hivi. Kwa injini ya mvuke huo ni mteremko wa huruma.

Bei ya huruma hiyo ni kwamba reli ililazwa sakafuni mwa bonde, ikiwa imebanwa kati ya kilima na mto. Katika korongo la Kilosa hadi Kidete inavuka mto na vijito vyake mara kwa mara, na pasipovukwa inapita kwenye ukingo, mita chache tu juu ya kina cha kawaida. Kuanzia Kidete, kupita Godegode hadi Gulwe, bonde linapanuka na mto unakuwa wa mchanga, usio na mkondo wa kudumu. Hapo hatari ni ya aina nyingine kabisa, na tutairudia.

Uchaguzi huu pia uliamua mji upi ukue na upi udumae. Mpwapwa, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, iliachwa kando kama kilomita 15 kutoka Gulwe. Kilosa ilipata stesheni, maghala, ofisi ya wilaya na wafanyabiashara wa Kihindi. Mara nyingi husemwa kwamba reli ilifuata miji. Kwa Kilosa na Mpwapwa reli ilifuata maji, na miji ikafuata reli.

Mkonge, pamba na tawi la Kidatu

Mji ulikua kwa kile ambacho reli iliweza kubeba. Pamba ilianza tangu enzi ya Wajerumani, kisha mkonge ukatawala: Kimamba, Rudewa, Msowero na mashamba mengine ya tambarare ya mashariki mwa mji. Robota moja la mkonge lina uzito wa takriban kilo 250, kwa hiyo behewa la tani 20 hubeba marobota 80. Bila reli, mkonge wa Kilosa usingefika bandarini kwa bei ya kushindana na ule wa Tanga ulio karibu na bahari. Kazi ya shambani ilifanywa kwa kiasi kikubwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na ndiyo maana Kilosa hadi leo ni mji wa makabila mengi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicho jirani, kilianzishwa miaka ya 1940 na kinajulikana zaidi kwa mbegu kuliko kwa historia yake ya pamba.

Mwaka 1960 mji ukawa makutano. Tawi lilijengwa kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na mwaka 1965 likafika Kidatu, karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero. Jumla ni kilomita zipatazo 108. Reli ya TAZARA ilipopita Kidatu miaka ya 1970 ilikuja na geji ya milimita 1,067, tofauti ya milimita 67 tu na ile ya Reli ya Kati, lakini tofauti hiyo inatosha kabisa kuzuia behewa lisipite. Yadi ya kuhamishia mizigo Kidatu ilifunguliwa mwaka 1998, miaka zaidi ya ishirini baada ya reli hizo mbili kukutana, na mizigo haikuwahi kufikia matarajio. Kila kontena lililohamishwa kwa kreni liliongeza siku na gharama, na wenye mizigo wakaona ni afadhali lori.

Anguko la mkonge linajulikana. Uzalishaji wa nchi ulifikia kilele cha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, nyuzi za plastiki zikashusha bei, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa karibu tani 30,000 au chini yake. Kwa Kilosa maana yake ni mashamba makubwa yaliyogeuka vichaka, ajira zilizopotea, na mabehewa machache ya kusimama stesheni. Barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma nayo ilipita Dumila na Gairo, ikaiacha Kilosa kando kama vile reli ilivyoiacha Mpwapwa zamani. Reli ilipokatika, mji haukuwa na njia nyingine ya maana ya kutegemea. Lami ilikuja baadaye sana, kwa vipande.

Maji yanavyoivunja reli

Mto wenyewe una sehemu tatu, na lazima zitenganishwe kwa sababu kila moja huiharibu reli kwa namna yake.

Sehemu ya juu ni Kinyasungwe, kutoka Dodoma hadi Gulwe. Ni nchi kavu: mvua ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, yote ikishuka kati ya Desemba na Aprili mwanzoni, na mara nyingi kwa dhoruba fupi kali. Mito yake ni ya msimu. Korongo lililokauka asubuhi linaweza kujaa jioni na kukauka tena kesho yake, likiacha tabaka jipya la mchanga.

Sehemu ya kati, Gulwe hadi Kidete, ni mahali mchanga huo unapotua. Makorongo yanayoshuka kutoka vilima vya Mpwapwa yanamwaga mawe na mchanga bondeni. Kitanda cha mto kinapanda. Daraja lililojengwa likiwa na uwazi wa mita tatu kati ya kitanda na boriti linabaki na mita mbili, kisha moja. Daraja halijabadilika hata kidogo, ila sakafu chini yake imepanda. Siku dhoruba inapokuja maji hayapiti chini, yanajikusanya upande wa juu wa tuta. Tuta la reli, ambalo halikujengwa kuwa bwawa, linageuka bwawa.

Kinachofuata kina mpangilio unaojirudia. Maji yakifika juu ya tuta yanaanza kumwagikia upande wa chini. Kokoto ndizo huondoka kwanza, maana hazina kinachozishika. Kisha maji yanayoanguka yanachimba mguu wa tuta upande wa chini, na mmomonyoko unarudi nyuma kuelekea katikati ya njia. Udongo wa tuta ukiwa wa mchanga usio na mfinyanzi, huenda ukaisha ndani ya saa chache. Reli na mataruma, vikiwa vimefungwa pamoja, havivunjiki mara moja, vinabaki vimetanda juu ya pengo. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, kwa sababu usiku, kwa taa ya injini, njia huonekana ipo.

Sehemu ya tatu ni korongo la Kidete hadi Kilosa. Hapa mto una maji mwaka mzima na kasi kubwa. Shida yake kuu ni kula kingo. Kwenye kila kona, ukingo wa nje hupigwa na mkondo wenye nguvu zaidi, na reli mara nyingi imekaa juu ya ukingo huo huo. Mto hauhitaji kupanda juu ya tuta. Unachimba chini yake hadi mteremko mzima uteleze. Nguzo za madaraja nazo huchimbuliwa msingi: maji yakigonga nguzo hujipinda kuelekea chini na kuchimba shimo mbele yake. Mafuriko yakipungua, shimo hujazwa tena na mchanga laini, kwa hiyo mkaguzi anayekuja wiki moja baadaye haoni kitu. Njia ya kweli ya kukagua ni kuchoma fito ya chuma kuzunguka nguzo: mahali inapozama kwa urahisi ndipo palipochimbuliwa.

Mto ukitoka korongoni na kuingia Kilosa mteremko unapungua ghafla, na maji yaliyopoteza kasi hutua mchanga. Kitanda hupanda, tuta la kinga huongezwa kimo, kitanda hupanda tena. Baada ya miongo michache mto unapita karibu usawa wa mitaa, au juu yake. Tuta likipasuka katika hali hiyo, maji hayarudi mtoni yenyewe. Mji unakuwa sehemu ya chini kuliko mto.

Mchanga unatoka wapi

Hili lilipimwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Miaka ya 1930, kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa, viliwekwa viwanja vidogo vya majaribio kwenye mteremko ili kupima maji na udongo unaopotea. Matokeo yamenukuliwa na wataalamu wa udongo duniani kote tangu hapo. Kiwanja kilichoachwa kitupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yote kama maji ya kutiririka, na udongo wa takriban tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kilicholimwa kilipoteza robo ya mvua na tani 78. Chenye nyasi kilipoteza asilimia 2 hivi ya mvua, na udongo wake haukupimika. Kichaka kisicholishwa kilipoteza chini ya asilimia 1.

Rudia tarakimu hizo ukiwa unalitazama bonde. Dhoruba ile ile, juu ya mlima ule ule, yaweza kutuma mtoni nusu ya maji yake au sehemu ndogo isiyotajika, kutegemea kilichofunika ardhi. Hekta moja iliyobaki tupu hutoa kwa mwaka mchanga wa kujaza malori kumi na kitu ya tani kumi. Vilima vya Mpwapwa vinamwaga maji yake Kinyasungwe, juu tu ya kipande cha reli tunachokizungumzia.

Serikali ilijaribu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 na Mpwapwa ikiwa mojawapo ya maeneo yake, ingawa nguvu kubwa zaidi ilikwenda Kondoa Irangi, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Kondoa ilionyesha kwamba nyasi hurudi. Lakini Kondoa haimwagi maji Mkondoa, na kwa reli faida yake ilikuwa ndogo.

Mabwawa ndiyo yaliyokuwa kinga ya pili. Hombolo, Dabalo na Ikowa yalijengwa upande wa Dodoma kwa ajili ya maji ya watu, mifugo na umwagiliaji, lakini kwa bonde zima yalipunguza pia kishindo cha mafuriko. Bwawa hupunguza mafuriko kwa nafasi yake tupu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala walipopima mabwawa ya Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliyakuta, Ikowa likiwemo, yakijaa mchanga kwa kasi ya kuyamaliza ndani ya miongo michache. Bwawa la Kidete, lililo karibu zaidi na Kilosa, lilibomoka, na ujenzi wake upya ukawa swali la kudumu bungeni.

Historia ya kukatika na kuunganishwa

Mwaka 1916 reli iliharibiwa kwa makusudi. Majeshi ya Waingereza na Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yalishuka bonde hili kutoka Mpwapwa na kuingia Kilosa tarehe 22 Agosti, siku chache kabla Morogoro kuanguka. Wajerumani waliorudi nyuma walilipua madaraja. Yalirekebishwa kwa haraka ya vita, kwa magogo na mataruma yaliyopangwa safu juu ya safu kama kuni, na hayo hayakukusudiwa kudumu.

Msimu wa mvua wa 1929/30 uliikata vibaya tena. Clement Gillman, aliyeanza kazi kwenye reli hii mwaka 1905 chini ya Holzmann na baadaye kuwa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika, aliijua njia hii pengine kuliko mtu yeyote. Aliliona tatizo la mmomonyoko wa bonde zima, si la reli peke yake. Mvua za El Niño za 1997/98 zikafuata, kisha 2009/10.

Kilichobadilika kati ya matukio hayo ni nani aliyewajibika kwa njia. Reli za Tanganyika ziliingia katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki mwaka 1948. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likaundwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ulikodishwa kwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilishika asilimia 51, wakati mali ya njia ikibaki kwa RAHCO, kampuni ya serikali ya miundombinu ya reli. Mafuriko ya 2009/10 yaliikuta reli katika mpangilio huo, na ubia wenyewe ulivunjika muda mfupi baadaye. Mwaka 2017 TRL na RAHCO vikaunganishwa tena kuwa TRC.

Kwa maoni yetu mpangilio wa 2007 ulikuwa na kasoro ya msingi kwa njia yenye mafuriko. Kazi inayookoa reli ni ya kila siku na ndogo: kuzibua kalavati, kuondoa mchanga chini ya daraja, kurudisha kokoto, kupalilia mitaro. Haina mapato yanayoonekana. Mwenye treni huiona ni ya mwenye njia, na mwenye njia huiona ni ya mwenye treni. Zamani magenge ya reli yalikaa kwenye nyumba zao kandokando ya njia, kila genge na kilomita zake, na mtu wa doria alitembea kipande chake kwa miguu mvua inaponyesha. Genge likiondolewa, wa kwanza kugundua pengo ni dereva wa treni.

Urekebishaji, kwa hesabu

Ili kuona uzito wa kazi, chukua pengo la mita 100 kwenye tuta la kimo cha mita 3. Upana wa juu ni mita 5, na miteremko ni ya mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kimo, kwa hiyo upana wa chini ni mita 14. Eneo la mkato ni mita za mraba 28.5, na ujazo ni mita za ujazo 2,850 za udongo ulioshindiliwa. Udongo huru hupungua ukishindiliwa, hivyo lori la mita za ujazo 10 litahitaji safari zipatazo 350. Juu yake zinatakiwa kokoto kama mita za ujazo 120, mataruma 140 hivi, na mita 200 za reli. Kwa reli ya ratili 80 kwa yadi, ambayo ni karibu kilo 40 kwa mita, hizo ni tani 8 za chuma. Chuma na mataruma si tatizo. Mara nyingi huokotwa vile vile na kurudishwa. Tatizo ni udongo. Kwenye korongo la Mkondoa hakuna barabara ya lori inayofuata reli, kwa hiyo kila kitu huja kwa reli yenyewe, kutoka upande ambao bado ni mzima. Mapengo yakiwa kumi, la pili haliguswi mpaka la kwanza lipitike.

Utaratibu wenyewe huenda hivi. Treni husimamishwa pande zote na njia hukaguliwa kwa kiberenge au kwa miguu, mchana tu. Reli zinazoning'inia hukatwa au kufunguliwa kwenye maungio. Tope laini chini ya pengo huondolewa hadi udongo mgumu. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana watu wakiwa na haraka, na ndiyo inayofanya tuta jipya litite baada ya wiki mbili. Mawe makubwa hutupwa chini, hasa kwenye mguu wa upande wa mto, kisha udongo hupangwa kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30 na kila tabaka hushindiliwa. Pale maji yalipopasua, kalavati au uwazi mpya huwekwa. Kulijaza pengo bila kuuacha mlango wa maji ni kuutengeneza upya mtego ule ule. Mwishowe huwekwa kokoto, mataruma na reli, injini peke yake hupitishwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha mabehewa matupu, kisha yenye mzigo. Amri ya mwendo mdogo hubaki kwa wiki kadhaa wakati tuta likikaa.

Gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ndizo hutumika sana kukinga kingo. Zinafaa zikiwa zimeanza chini ya kina cha kuchimbwa. Zikiwekwa juu ya mchanga wa kitanda, mto hupita chini yake na ukuta mzima hulala mtoni. Nyuma yake lazima kuwe na kitambaa cha kuchuja au tabaka la changarawe, la sivyo udongo laini hunyonywa kupitia mianya ya mawe na shimo hutokea nyuma ya ukuta ulio mzima.

Reli mpya juu ya bonde lile lile

Baada ya 2010 shirika la Japani, JICA, lilifanya uchunguzi wa kina wa mafuriko kwenye kipande hiki. Benki ya Dunia mwaka 2014 iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi uliohusisha kukarabati njia ya geji ya mita kati ya Dar es Salaam na Isaka. Wakati huo huo serikali iliamua kujenga reli ya kisasa, SGR. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilichojengwa na Yapi Merkezi, kinapita Kilosa, na ndicho chenye mahandaki manne ya jumla ya kilomita 2.6 hivi. Treni za abiria zilifika Dodoma Julai 2024.

Mahandaki hayo ni kukiri kwamba sakafu ya bonde haikufaa. Injini za umeme zinamudu miinuko iliyoishinda mvuke, na njia imeinuliwa juu ya kima cha mafuriko kwa madaraja marefu na matuta mapana. Kilosa imepata stesheni mpya, na safari ya Dar es Salaam iliyokuwa ya usiku kucha ni ya saa chache.

Lakini SGR haikuupunguza mchanga hata ndoo moja. Vijito vinavyotoka Mpwapwa vinaendelea kuleta ule ule, na reli ya zamani, ambayo bado inabeba mizigo na inahudumia stesheni ndogo, ina madaraja yake ya chini. Tuta la mji nalo liko pale pale. Anayesimamia njia hii ana miezi mitano ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ya kufanya kazi inayoamua msimu: kupima uwazi uliobaki chini ya kila daraja kati ya Kidete na Gulwe na kuulinganisha na wa mwaka uliopita, kutoa mchanga na kuupeleka mbali na ukingo usirudi na mvua ya kwanza, kuchoma fito kuzunguka nguzo, kuweka akiba ya mawe juu ya mabehewa Kilosa na Gulwe ili kila upande uweze kuanza bila kumsubiri mwenzake. Daraja ambalo uwazi wake umepungua kwa nusu halifai kuzibuliwa tena mwaka hadi mwaka. Linyanyuliwe, au njia ihamishwe.